Uthabiti wa Hesabu za Elementi Finiti kwa Sauti Ipitayo katika Bomba Lenye Mkondo: Ni Kipi Hasa Kinachokosa Uthabiti?

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kwa nini hesabu za sauti ndani ya mabomba yenye mkondo wa hewa, zinapofanywa kwa mbinu ya elementi finiti, wakati mwingine hutoa majibu yanayokua bila kikomo au yaliyojaa mitetemo isiyo na maana ya kifizikia. Hoja kuu ni kwamba neno "uthabiti" linatumika katika uwanja huu kwa mambo yenye asili tofauti: wavu wa hesabu, sharti lililowekwa ukutani, namna bomba lilivyofungwa mwishoni, na mkondo wenyewe. Kila asili ina dawa yake, na dawa ya moja yaweza kuwa sumu kwa nyingine. Mfano unaotumika ni bomba la mbele la injini ya ndege.

1.0 Utangulizi

Feni iliyo mbele ya injini ya ndege ya abiria ni chanzo kikubwa cha kelele ndege inaporuka na inapotua. Tuchukue feni yenye mapanga 20 inayozunguka mara 3000 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa kuwa mapanga yote 20 hupita mahali pamoja katika kila mzunguko, msikilizaji aliye mbele ya injini hupokea mlio wa msingi wa herzi 1000, pamoja na vizidishe vyake vya herzi 2000, 3000 na kuendelea. Mlio huo hutoka nje kupitia bomba fupi na pana ambalo ukuta wake wa ndani umewekwa bitana ya kufyonza sauti. Kwa kawaida bitana hiyo ni bamba lenye matundu madogo, nyuma yake vyumba vilivyopangwa kama sega la nyuki, kisha bamba gumu lisilopitisha kitu. Viwango vya kelele za ndege vimewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) katika Kiambatisho cha 16 cha Mkataba wa Chicago, na aina mpya ya ndege isiyovifikia haipati cheti. Kwa hiyo tofauti ya desibeli chache katika bitana si jambo la kitaaluma tu.

Mhandisi hutaka kujua, kabla bamba halijatobolewa, bitana itapunguza sauti kwa kiasi gani. Jaribio la maabara linahitaji handaki la upepo, vipaza sauti vingi na fedha. Vyuo vikuu vingi havina vifaa hivyo, na kwa mtafiti wa chuo cha namna hiyo hesabu ya kompyuta ndiyo shahidi pekee aliyenaye. Shahidi huyo akisema uongo, hakuna wa pili wa kumsuta. Hapo ndipo swali la uthabiti linapopata uzito wake.

Ushauri ambao mwanafunzi hupewa mara nyingi jibu linapoharibika ni mmoja: punguza ukubwa wa elementi, kisha endesha programu upya. Ni ushauri mzuri kwa matatizo mengi ya mihimili, kuta na joto. Katika sauti ndani ya mkondo, ushauri huohuo husaidia mahali pamoja, haubadilishi kitu mahali pengine, na mahali pa tatu huongeza maradhi. Makala haya yanajaribu kuonyesha mahali hapo ni wapi, na kwa nini.

2.0 Sauti inapobebwa na mkondo

Katika hewa iliyotulia, sauti husafiri kwa takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo wimbi la herzi 1000 lina urefu wa sentimita 34. Hewa ikianza kutembea, wimbi hubebwa nayo. Uwiano wa kasi ya mkondo kwa kasi ya sauti huitwa namba ya Mach, na hapa tutaiandika M. Wimbi linalokwenda na mkondo hurefuka na kuwa na urefu wa (1 + M) mara ule wa awali. Linalopanda mkondo hufupika na kuwa (1 − M) mara. Mkondo wa M = 0.5 huyageuza mawimbi yetu ya sentimita 34 kuwa ya sentimita 51 upande mmoja na sentimita 17 upande mwingine.

Kelele ya feni inayotokea mbele ya injini hupanda mkondo, kwa sababu injini inavuta hewa kuelekea ndani ilhali sauti inatoka nje. Hivyo mhandisi anakabiliana na mawimbi yale mafupi. Akitaka kuyaona kwa usahihi uleule aliokuwa nao katika hewa tulivu, na ikiwa wavu wake una elementi zenye urefu sawa kila upande, atahitaji elementi mara mbili katika kila mwelekeo, yaani mara nane katika bomba la vipimo vitatu. Ikumbukwe kwamba bado hatujafika kwenye tatizo lolote la uthabiti. Hii ni gharama tu.

Mambo huanza kuwa magumu tunapoangalia kile ambacho milinganyo inabeba zaidi ya sauti. Milinganyo ya Euler iliyonyooshwa, yaani ile inayofuata misukosuko midogo juu ya mkondo unaojulikana, haina sauti peke yake. Chu na Kovásznay walieleza mwaka 1958 kwamba msukosuko mdogo katika gesi una sehemu tatu: sauti, visulisuli, na entropi (tunaweza kuifikiria kama madoa ya joto). Katika mkondo ulio sawa kila mahali, sehemu hizi tatu hazigusani. Sauti hukimbia kwa kasi yake, ilhali visulisuli na madoa ya joto huelea tu na mkondo kama majani juu ya mto. Pale kasi ya mkondo inapobadilika kutoka ukutani kwenda katikati ya bomba, sehemu hizo huanza kupeana nishati.

Urefu wa wimbi la visulisuli ni kasi ya mkondo ikigawanywa kwa frikwensi, kwa hiyo ni M mara urefu wa wimbi la sauti. Kwa M = 0.1 na herzi 1000, wimbi la sauti lina sentimita 34 na wimbi la visulisuli lina sentimita 3.4. Wavu uliokatwa kwa kuitazama sauti una elementi kubwa mno kuweza kukiona hata kisulisuli kimoja. Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba tatizo hili huzidi kadiri mkondo unavyopungua kasi, kinyume na matarajio ya wengi.

3.0 Makosa yanayotokana na wavu

Kosa la kwanza ni lile ambalo wanahisabati huliita uchafuzi. Si ukosefu wa uthabiti kwa maana ya kukua bila kikomo, lakini hutajwa pamoja nao kwa sababu hulifanya jibu lisitegemeke. Tuangalie bomba la kipimo kimoja lisilo na mkondo, lililogawanywa kwa elementi za mstari mnyoofu zenye urefu h. Iwapo k ni namba ya wimbi, hesabu fupi huonyesha kwamba wimbi la kompyuta lina namba iliyokosewa kwa takriban (kh)² ÷ 24 ya thamani yake ya kweli. Kwa elementi 10 katika kila urefu wa wimbi, kanuni ambayo hutajwa mara kwa mara, kh ni 0.628 na kosa ni kama asilimia 1.6.

Asilimia 1.6 inaonekana ndogo. Lakini ni kosa la fezi, na fezi hulimbikizana. Baada ya wimbi kusafiri urefu wake mara 10, limechelewa au kuwahi kwa nyuzi karibu 60. Baada ya mara 30, limekosea kwa karibu nusu ya urefu wake: mahali ambapo hewa halisi inasukuma, kompyuta inasema inavuta. Kama mawimbi mawili yalipaswa kuuana mahali fulani, kompyuta itayaonyesha yakisaidiana. Ivo Babuška, pamoja na Frank Ihlenburg na wenzao wengine, walilichunguza jambo hili kwa kina katika miaka ya 1990, na mojawapo ya matokeo yao ni kwamba katika vipimo viwili au zaidi hakuna namna ya jumla ya kuliondoa kabisa kwa wavu wenye idadi isiyobadilika ya nodi kwa kila urefu wa wimbi. Linaweza kupunguzwa sana kwa kupandisha digrii ya polinomia ndani ya elementi. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba kanuni ya "nodi kumi kwa wimbi" imeishi muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwa kuwa haisemi lolote kuhusu urefu wa bomba.

Kosa la pili hutokana na kule kuelea kwa visulisuli. Mbinu ya kawaida ya Galerkin huitazama nodi kwa usawa mbele na nyuma. Kitu kinachobebwa na mkondo, hata hivyo, hupata habari zake zote kutoka upande mmoja, ule mkondo unakotoka. Wavu ukiwa mkubwa kuliko kinachobebwa, usawa huo huzaa jibu linaloruka juu na chini kutoka nodi moja hadi ya pili, kama ubao wa drafti. Tiba inayojulikana zaidi ni ile ya Brooks na Hughes ya mwaka 1982, ambamo vitendaji vya uzito huegemezwa upande wa juu wa mkondo kwa namna isiyoharibu ulinganifu wa mlinganyo wenyewe. Dawa hiyo huua mitetemo bila kuongeza mnato wa uongo kwa wingi.

Kosa la tatu linafanana na la pili kwa sura, si kwa asili. Milinganyo ya mkondo inaweza kuandikwa upya kwa kutumia mhamo mdogo wa kila chembe ya hewa, kama Henri Galbrun alivyofanya mwaka 1931. Maandishi hayo ni mazuri: yanabeba sharti la ukuta na la kingo kwa urahisi. Lakini yakiwekwa kwenye elementi za kawaida, hutoa modi za uongo zilizosambaa katika jibu lote. Treyssède, Gabard na Ben Tahar walionyesha mwaka 2003 kwamba mtu akiweka kanieneo na mhamo kuwa viwili visivyojulikana, na kuchagua elementi zinazotimiza sharti la Babuška na Brezzi la kuoana baina ya nafasi hizo mbili, modi hizo huondoka. Kupunguza ukubwa wa elementi bila kubadili aina yake hakuziondoi.

Kwa hiyo hata ndani ya fungu hili moja la "makosa ya wavu" tayari tuna maradhi matatu. La kwanza hupona kwa wavu mdogo, ingawa kwa gharama. La pili hupona kwa wavu mdogo sana, au kwa kuegemeza uzito. La tatu halijali ukubwa wa wavu.

4.0 Mkondo wenyewe unapokosa uthabiti

Tunapohama kutoka mbele ya injini kwenda nyuma yake, tunakutana na mtiririko wa kasi unaotoka katika bomba na kukwaruzana na hewa ya nje iendayo polepole zaidi. Tabaka lililo kati yao halitulii. Msukosuko mdogo hugeuka wimbi, wimbi hujikunja, na kujikunja huko huzaa visulisuli vikubwa. Huu ndio mwendo uliopewa majina ya Kelvin na Helmholtz, na yeyote aliyetazama moshi ukitoka kwenye bomba la nje la lori ameuona.

Katika hewa halisi wimbi hilo hukua hadi likawa kubwa, likavunjika na kuchoka. Katika milinganyo iliyonyooshwa haliwezi kuchoka, kwa kuwa kunyoosha kumeondoa vile vipengele ambavyo vingelizuia. Hukua tu. Hesabu ikifuata wakati hatua kwa hatua, baada ya muda wimbi hilo hulimeza jibu lote, na sauti tuliyokuwa tunaitafuta hupotea chini yake. Hapa kompyuta haijakosea. Imejibu kwa uaminifu swali iliyoulizwa.

Zipo njia kadhaa za kuliuliza swali vingine. Baadhi ya watafiti huondoa vipengele vyenye mabadiliko ya kasi ya mkondo, wakikubali kupoteza sehemu ya mpindo wa sauti. Ewert na Schröder walipendekeza mwaka 2003 milinganyo inayobakiza sauti na kuyaacha nje mawimbi hayo. Njia ya Agarwal, Morris na Mani ya mwaka 2004 ina mvuto wa pekee kwa mtumiaji wa elementi finiti: walionyesha kwamba mtu akidhani kila kitu kinatetema kwa frikwensi moja, kisha akatatua mfumo wote wa milinganyo moja kwa moja, mawimbi yanayokua hayajitokezi. Sharti la utatuzi wa moja kwa moja halikuwekwa kwa mapambo. Utatuzi wa kurudiarudia unaweza kufanana, kwa siri, na kufuata wakati hatua kwa hatua, na hapo wimbi lililofukuzwa mlangoni hurudi kupitia dirishani.

Ikubalike hata hivyo kwamba ukimya huo si ushahidi wa utulivu. Kutatua kwa frikwensi moja kunatupa jibu lenye kikomo ambalo huenda hakuna mkondo wowote duniani unaoweza kulifikia, kwa sababu mkondo halisi ungekuwa umeshavurugika. Anayeripoti jibu la namna hiyo anapaswa kusema waziwazi kwamba wimbi la Kelvin na Helmholtz limeachwa nje kwa makusudi.

5.0 Bitana na sharti la ukuta

Sehemu hii ndiyo yenye ubishi mwingi zaidi, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi.

Kwa urahisi wa hesabu, mkondo ndani ya bomba hudhaniwa kuwa una kasi ileile hadi ukutani. Hewa halisi haifanyi hivyo. Karibu na ukuta kuna tabaka jembamba ambamo kasi hushuka hadi sifuri. Tukilipuuza tabaka hilo, tunalazimika kuamua namna bitana inavyozungumza na hewa inayoteleza juu yake. Ingard alitoa jibu mwaka 1959 kwa ukuta bapa: kanieneo na mhamo wa hewa vilingane pande zote mbili za tabaka lisilo na unene. Myers alilipanua mwaka 1980 kwa ukuta uliopinda, na tangu hapo sharti la Myers likawa la kawaida katika programu za viwandani. Lilikuwa na utetezi mzuri. Eversman na Beckemeyer walikuwa wameonyesha mwaka 1972 kwamba tabaka likizidi kuwa jembamba, jibu hukaribia lile la sharti la mteleza.

Tatizo lilijificha katika mawimbi mafupi. Tabaka la mpakani lisilo na unene ni ndugu wa lile tabaka la Kelvin na Helmholtz lililotajwa juu. Kwa tabaka lenye unene, Rayleigh alionyesha mwaka 1880 kwamba kuna kikomo: katika mfano wake sahili, ambamo kasi hubadilika kwa mstari mnyoofu kutoka upande mmoja hadi mwingine, mawimbi mafupi kuliko takriban mara tano ya unene hayakui. Unene ukiwa sifuri, kikomo hicho kinatoweka. Katika tabaka huru kati ya mikondo miwili, wimbi lililofupishwa kwa nusu hukua kwa kasi maradufu, lililofupishwa tena hukua maradufu tena, na hakuna mwisho. Brambley alieleza mwaka 2009 kwamba sharti la Myers lina ugonjwa wa ukoo huohuo: kasi ya kukua haina kikomo wimbi linavyozidi kufupika. Mlinganyo wa namna hiyo wanahisabati husema haukuwekwa vyema. Haina maana kuuliza jibu lake la wakati ni lipi, kwa kuwa badiliko dogo kupita kiasi mwanzoni huleta tofauti kubwa kupita kiasi papo hapo.

Sasa tufikirie kinachotokea katika wavu. Wavu wenye elementi za urefu h hauwezi kubeba wimbi fupi kuliko takriban 2h. Hivyo wavu mkubwa, bila mtu kukusudia, huyakata mawimbi mafupi na kuuficha ugonjwa. Mtafiti huona mtetemo mdogo ukutani, hukumbuka ushauri aliopewa, hupunguza elementi kwa nusu. Sasa wavu unaruhusu mawimbi mafupi zaidi, nayo yanakua haraka zaidi. Hupunguza tena. Hesabu iliyokuwa imedumu kwa sekunde chache za sauti sasa inalipuka mara tu inapoanza. Kila jitihada njema inalisogeza jibu mbali na ukweli. Wengine wameweka vichujio vya kuondoa mawimbi mafupi, na vichujio hivyo husaidia. Lakini kichujio kikipewa ukubwa unaotegemea h, jibu la mwisho linategemea wavu, na jibu linalotegemea wavu si jibu la fizikia.

Tiba iliyotolewa haikuwa ya hisabati za kompyuta. Mwaka 2011 Brambley kwa upande mmoja, na Rienstra na Darau kwa upande mwingine, walirudisha unene wa tabaka la mpakani ndani ya sharti la ukuta. Unene huo ukiwa mkubwa kuliko sifuri, hata kidogo, kasi ya kukua hupata kikomo, na mlinganyo unakuwa umewekwa vyema. Rienstra na Darau walionyesha pia kwamba upo unene wa chini ambao ukipitwa misukosuko juu ya bitana haikui tena palepale ilipoanzia, bali kama inakua huchukuliwa na mkondo, na kwamba kwa bitana za injini unene huo ni mdogo mno. Hii inaeleza kwa nini injini halisi hazionekani kusumbuliwa na kile ambacho kompyuta ilikuwa ikipigia kelele.

Mtu angeweza kuhitimisha kwamba kila wimbi linalokua juu ya bitana ni uongo. Hilo nalo si kweli. Aurégan na Leroux walichapisha mwaka 2008 ushahidi wa jaribio ambamo sauti iliyopita juu ya ukuta wenye impedansi fulani, ndani ya bomba lenye mkondo, iliongezeka badala ya kupungua. Bitana yao haikufanana na zile za injini, lakini hewa ilikuwa hewa. Kwa hiyo wimbi linalokua ukutani laweza kuwa kweli, laweza kuwa la sharti lililowekwa vibaya, na laweza kuwa la wavu. Mchoro wa rangi kwenye skrini hautofautishi hayo matatu.

6.0 Miisho ya bomba

Kompyuta haiwezi kubeba bomba lisilo na mwisho. Lazima bomba likatwe mahali, na mahali hapo sauti ipite bila kurudi. Njia inayopendwa ni tabaka fyonzi lililooanishwa kikamilifu, ambalo Bérenger alilibuni mwaka 1994 kwa mawimbi ya sumaku-umeme. Hu alilileta kwenye milinganyo ya Euler mwaka 1996, na muda si mrefu ikaonekana kwamba penye mkondo tabaka hilo linaweza kukuza badala ya kufyonza.

Sababu yake inaweza kuelezwa bila hesabu nyingi. Tabaka fyonzi huamua mwelekeo wa wimbi kwa kuangalia vilele vyake vinaelekea wapi. Kwa kawaida nishati huelekea kunako vilele. Penye mkondo si lazima iwe hivyo. Katika bomba lenye mkondo sawa, modi ambayo namba yake ya wimbi ya kukingama ni kubwa kuliko k lakini ndogo kuliko k ÷ √(1 − M²) inaweza kupeleka nishati pamoja na mkondo ilhali vilele vyake vinapanda mkondo. Kwa M = 0.5 ni ukanda mwembamba, kati ya k na takriban 1.155k, lakini modi iliyomo humo ikifika kwenye tabaka hutambuliwa kinyume, na badala ya kuzimwa hupewa nguvu. Mkondo ukiwa mdogo ukanda huo hufinyika, ndiyo maana hesabu inaweza kuwa salama katika frikwensi tisa na kuharibika katika ya kumi.

Hu alitoa marekebisho kwa hesabu za wakati mwaka 2001, na Bécache, Bonnet-Ben Dhia na Legendre wakaishughulikia hali ya frikwensi moja mwaka 2004. Kwa vyote viwili kiini ni kubadili kwanza viwianishi ili vilele na nishati vikubaliane, kisha kufyonza. Ni sehemu ambayo inaweza kusemwa imetatuliwa kwa mkondo ulio sawa. Kwa mkondo wenye tabaka nene bado hali si safi kiasi hicho.

7.0 Kumtambua mkosaji

Kipimo ambacho mwandishi anakiona kuwa na thamani kuliko vingine hakihitaji programu mpya. Jibu likianza kukua, pima urefu wa wimbi la kile kinachokua, kisha punguza elementi kwa nusu na upime tena. Urefu huo ukibaki palepale, na kasi ya kukua ikabaki palepale, mkosaji yumo ndani ya milinganyo: ni mkondo wenyewe, nao unafuata unene wa tabaka na wala si wavu. Urefu ukifupika pamoja na elementi na kukua kukawa kwa haraka zaidi, mshukiwa wa kwanza ni sharti la ukuta lisilowekwa vyema. Mtetemo wa nodi kwa nodi unaopungua wavu unapokuwa mdogo ni wa kuelea kusikoegemezwa. Na kama kinachokua kinaanzia mwishoni mwa bomba na kurudi ndani, tazama tabaka fyonzi kabla ya kugusa kitu kingine.

Kipimo kingine ni mizania ya nishati. Cantrell na Hart walitoa mwaka 1964 namna ya kuhesabu nishati ya sauti katika mkondo usio na visulisuli, na Myers akaipanua baadaye. Nishati iliyoingia iwe sawa na iliyorudi, iliyopita na iliyofyonzwa. Kipimo hiki kinahitaji uangalifu, kwa sababu mkondo unaweza kuipa sauti nishati yake. Mizania isiyofungana katika mkondo wenye visulisuli si lazima iwe kosa. Isiyofungana katika mkondo sawa, ndani ya bomba lenye kuta ngumu, haina utetezi.

Pa kuyajaribia haya papo wazi kwa kila mtu. Jones, Watson na Parrott wa kituo cha NASA Langley walitoa mwaka 2005 vipimo vya kanieneo vya bomba la mraba lenye upana wa karibu milimita 51, likiwa na bitana ya kauri upande mmoja, kwa frikwensi za herzi 500 hadi 3000 na mikondo kadhaa ya chini ya nusu ya kasi ya sauti. Katika bomba jembamba kiasi hicho lenye hewa tulivu, modi ya pili haianzi kusafiri hadi kama herzi 3350, kwa hiyo wimbi linaloingia ni bapa, na tatizo linaweza kuwekwa katika vipimo viwili. Hata kwa herzi 3000, mita moja ya bomba ina urefu wa wimbi usiofika mara tisa. Kompyuta ya mkononi na programu huria kama FreeFEM au FEniCS zinatosha. Mwanafunzi akianza na sharti la Myers, kisha akaweka unene wa tabaka, kisha akapunguza elementi kwa nusu katika kila hali, atakuwa na majedwali mawili ya kulinganisha na vipimo hivyo. Inafaa katika tasinifu majedwali hayo yaandikwe pamoja na namba ya Mach, unene wa tabaka uliodhaniwa, digrii ya polinomia na namna mfumo wa milinganyo ulivyotatuliwa, kwa kuwa pasipo hayo manne msomaji hana njia ya kujua kama jibu lililotulia limetulia kwa sababu ya fizikia au kwa sababu wavu ulikuwa mkubwa.